Nafasi ya Mtoto wa Kwanza

Mimi si Mkonzo. Baba alitoka Kenya akaja Kasese kufanya kazi ya saruji, nami nikakua nikizicheka desturi za majirani. Wakonzo, wenyeji wa Kasese, humwita mtoto kwa zamu yake ya kuzaliwa. Wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, na hata akifariki hakuna anayerithi nafasi yake. Nilicheka mpaka nikaolewa humohumo.

Kabla ya ndoa, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, nilikuwa chuo cha ualimu na mchumba wangu alikuwa wakala wa forodha mpakani Mpondwe. Siku moja kondomu ilipasuka. Kesho yake asubuhi tukaenda pamoja duka la dawa, Bwera. Muuzaji akanipa kidonge cha dharura, akaniambia nikimeze palepale, maana kadiri unavyochelewa ndivyo nguvu yake inavyopungua. Hakusema zaidi, nasi kwa haya hatukuuliza. Nilisikia kichefuchefu, na wiki ileile nikatoka damu kabla ya siku zangu. Mchumba wangu alinishika mkono. Sote wawili tuliamini kwamba mtoto wetu ndiye aliyekuwa anaondoka.

Tukaoana, na mimba ikagoma. Watu wa Bwesumbu, kwao mume wangu, walisema vidonge vya mjini huchoma kizazi. Jamani, nilivyomtamani yule mtoto! Nilimpa sura ya baba yake na ukaidi wangu. Darasani nilikofundisha nilimtafuta mtoto wa umri ambao angekuwa nao, nikampata mmoja mwenye pengo mdomoni, nikamwonea wivu mama yake.

Hatimaye nikashika mimba. Jioni moja nikalitaja jina la mtoto wa kwanza huku nimeshika tumbo. Mume wangu akaweka kikombe chini.

"Hapana. Hiyo jina iko na mwenyewe. Huyu ni wa pili."

Niliwaka. Nilimwambia mtoto wangu hazaliwi akiwa nyuma ya mtu. Lakini sikuweza kumwambia kwamba amekosea.

Tulipokwenda kliniki ya wajawazito Bwera, nikamuuliza muuguzi mbele ya mume wangu: kile kidonge kilitoa mimba?

"Hapana, mama. Ile dawa inachelewesha yai kutoka, basi. Kama mimba ingekuwa imeshaingia, haingeitoa."

"Na ile damu?"

"Dawa inavuruga siku kidogo, halafu inapita. Hata kizazi haichomi. Si mimba umeibeba hapa?" Akanigusa tumbo. "Ukishazaa, ikitokea tena, usikae. Kuja mbio. Kuna hata kitanzi cha shaba, ukifika ndani ya siku tano tunaweka kwa kizazi, na iko na nguvu kushinda vidonge."

Mume wangu alitoka pale mwepesi kabisa. Njia nzima alilirudia jina la kwanza, la kike na la kiume, kwa sauti, mpaka wapita njia wakageuka. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikifuta machozi kwa ncha ya leso. Aliponiona akasimama.

"Sasa unalia nini? Hakuna mtu alikufa."

"Najua," nikamwambia. "Lakini mimi nilimpenda."