Ugonjwa Uliotangulia Bima

Ng'washi alimnunua ng'ombe wake wa maziwa kwa familia moja ya Mwese, akamleta nyumbani kwake pembezoni mwa mji wa Mpanda. Alikuwa chotara mweusi, mpole, mwenye mwendo wa taratibu. Akifika penye mteremko alisimama kwanza, kisha akashuka hatua kwa hatua huku amepanua viwiko vya mbele. Majirani wakamwita Bibi Harusi. Ng'washi mwenyewe alilipenda jina hilo.

Ezekia, wakala wa bima ya mifugo, alipopita mtaani kwao miezi kadhaa baadaye, Ng'washi alikuwa wa kwanza kukubali. Mume wake alikuwa amefariki, na maziwa ndiyo yaliyokuwa yakiendesha nyumba. Daktari wa kampuni alikuja, akampima ng'ombe joto, akamtazama macho na kiwele, akasema ni mzima. Akavalishwa hereni ya bima sikioni.

Mwaka haujaisha, Bibi Harusi akazaa ndama jike. Baada ya kuzaa akaacha kula. Kifua kikavimba chini ya shingo, mishipa ikatuna. Dokta Laurence, mganga wa mifugo wa kata, alimchoma sindano akidhani ni ndigana, ugonjwa wa kupe, lakini haikusaidia. Ng'ombe akafa asubuhi, ndama yuko pembeni yake.

Ezekia alipofika kuthibitisha kifo, Ng'washi ndiye aliyesema, "Apasuliwe. Nataka kujua kimemuua nini."

Dokta Laurence akampasua mbele yao. Alipofika kwenye moyo, akawaita wasogee. Ulikuwa umezungukwa na usaha na gamba gumu la kovu. Akaingiza vidole, akachomoa kipande cha waya, kimeliwa na kutu.

"Aliumeza na majani," alisema. "Ukatoboa tumbo, ukasogea mpaka kwenye moyo. Kovu hili ni la siku nyingi. Ndiyo maana mteremko ulikuwa unamtesa."

Ng'washi akaangalia pembeni. Mwendo ule waliokuwa wakiuchekea wote ulikuwa maumivu.

Ezekia akavua kofia. "Mayu, mama yangu, sijui niseme vipi. Bima hailipi ugonjwa uliokuwepo kabla."

"Mimi nilikuwa naujua?"

"Hapana."

"Daktari wenu aliyempima, aliujua?"

"Naye hakuujua."

"Sasa nani alikuwa anajua?"

Ezekia aliutazama ule waya. "Ng'ombe mwenyewe," akasema kwa sauti ya chini.

Wakamfukia siku hiyohiyo.

Majirani walimwambia Ng'washi apande milimani Mwese akagombane na waliomuuzia. Aliliwaza hilo akiwa anamnywesha ndama maziwa ya kuomba kwa jirani. Lakini wale watu wangejuaje? Waya ungeweza kuwa wa Mwese, na ungeweza kuwa wa uani kwake. Hakwenda. Ila ofisi ya bima alikwenda, akawaambia wamemkatia bima ng'ombe waliyemkagua wenyewe. Wakamsikiliza. Fidia hawakutoa, lakini ada yake wakamrudishia. Hakushukuru sana, wala hakuwatukana.

Kwa miezi kadhaa alifagia zizi na uwanja wote, akiokota misumari na nyaya za uzio. Aliuza karanga na mihogo ili nyumba isimame. Ndama alipokua na kuwa mtamba, akampigia simu Ezekia.

"Unataka bima tena?" Ezekia alishangaa.

"Nataka. Ila safari hii tuangalie na ndani."

Dokta Laurence akamwambia ndani hakuonekani kirahisi, lakini ipo sumaku ndogo ambayo ng'ombe humezeshwa, ikakaa tumboni na kunasa vyuma. Akaiagiza. Siku ya kummezesha, Ng'washi alimshika mtamba kichwa, Ezekia akashika mkia bila kuambiwa. Mtamba akaitema sumaku kwenye matope. Wakaiosha, wakajaribu tena, ikashuka.

Ng'washi akamwachia. Mtamba akatikisa masikio, akakimbilia majani ya mteremkoni, na yeye akabaki amesimama akimtazama anavyoshuka.