Sini ya Digrii Kumi na Mbili

Kila Agosti, Kabras nzima ilinukia sukari nguru. Maji ya miwa yalichemshwa kwenye masufuria makubwa hadi yakawa meusi na mazito, na harufu ile ikaingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye daftari zangu za shule. Mwaka wa pili tangu tupate uhuru nilikuwa na miaka kumi na sita, nimerudi nyumbani kwa likizo kutoka shule ya bweni mjini Kakamega, na kichwa changu kimejaa hesabu hadi pomoni. Niseme mapema kwamba katika habari hii nitajisifu. Asiyependa watu wanaojisifu afunge ukurasa, maana mimi sina namna nyingine ya kuisimulia.

Babu yangu alipofariki, shamba lake lilibaki kwa nyumba mbili: nyumba yetu, ambayo baba alikuwa ameshatutoka na Mama ndiye aliyeishikilia, na nyumba ya baba mdogo Matayo. Wazee waligawa kama walivyozoea kugawa. Walichukua kamba ya mkonge ya yadi kumi, wakazunguka mpaka wote wakihesabu, na nyumba zikipata kamba sawa, basi haki imetendeka. Sehemu yetu ilikaa kati ya mto na barabara, ambavyo vilikutana darajani, kwa hiyo ilikuwa na pembe tatu: kamba ishirini na nane kando ya mto, ishirini na sita kando ya barabara, na sita tu upande wa juu. Jumla sitini. Sehemu ya baba mdogo, ng'ambo ya barabara, nayo ilikuwa na pembe tatu, lakini kila upande kamba ishirini. Jumla sitini pia. Kila mtu aliridhika, na wala sisemi kulikuwa na hila, kwa sababu baba mdogo mwenyewe aliamini ni sawa. Ila kila mwaka mahindi yetu yaliisha Machi, na watu wakamwambia Mama kwamba hajui kulima. Maneno hayo yalimkata maini, nami yaliniuma zaidi yake.

Likizo ile kamati ya mashamba ilikuwa inapita boma hadi boma ikiandika mipaka kitabuni. Kwetu wangefika Ijumaa, na ikishaandikwa hakuna wa kuibadilisha tena. Sasa, muhula huo mwalimu wetu wa hesabu alikuwa ametufundisha kwamba ukijua pande mbili za pembetatu na pembe iliyo kati yake, unalijua eneo lake: zidisha pande hizo, chukua nusu, kisha zidisha kwa sini ya ile pembe, namba ambayo unaisoma kwenye kitabu cha majedwali. Ilinijia Jumatatu nikipalilia, na jembe nikaliacha hapo hapo. Katikati ya shamba letu palisimama miwa iliyokomaa, hupitishi kamba wala paka, lakini sini haihitaji kupita katikati. Inataka kingo na kona tu. Nilipigilia kigingi pale darajani, nikavuta uzi kando ya mto na mwingine kando ya barabara, nikapiga magoti na kipimapembe changu cha shule. Digrii kumi na mbili. Nikapima tena na tena, magoti yameloa matope, maana kwa pembe nyembamba hivyo kosa dogo linaharibu kila kitu. Kumi na mbili. Kona ya baba mdogo ilikuwa sitini.

Hesabu ilitoka hivi. Ukichukua kiwanja cha mraba chenye upande wa kamba moja, shamba la baba mdogo lilimeza viwanja mia moja sabini na vitatu. Letu halikufika sabini na sita. Kwa lugha ya leo, ekari tatu na nusu kwake, moja na nusu kwetu. Nilikaa kwenye nyasi nikalia kwa hasira, halafu nikacheka, kwa sababu Mama alijua kulima kuliko wote.

Ijumaa wazee wa kamati walikaa uani kwetu, mwenyekiti wao akiwa Mzee Lumbasi, mtu mkali aliyekuwa ameishika kamba ile ile siku ya mgawo. Nilipoomba kusema, msichana mbele ya wazee, alimtazama Mama. "Huyu mukhana anafundishanga wazee siku hizi?" Mama alikuwa mtu wa kunyamaza, lakini siku hiyo alijibu. "Mumsikilize, Mzee. Mkimaliza mtanifukuza mimi."

Nilijua kitabu changu hakitawaambia kitu. Nikachukua uzi, nikazifunga ncha zake pamoja, nikauweka chini kwa vigingi vitatu katika umbo la shamba la baba mdogo, kisha nikamwomba yeye mwenyewe apange ndani yake magunzi ya mahindi, yakae yamebanana. Yaliingia arobaini na moja. Nikawaambia kwamba uzi huo huo, nikiuweka kwa umbo letu, utabeba kumi na manane, hauzidi. Nikauweka. Baba mdogo akapanga polepole hadi kwenye kona kali ambako gunzi lilikataa kabisa kuingia. Kumi na saba. Akabaki na gunzi mkononi.

"Kamba ni ile ile," alisema Mzee Lumbasi, kwa sauti ya chini sana. Baba mdogo alisimama, akapangusa magoti, akauliza kitu ambacho mpaka leo ninamheshimu kwacho: "Basi nikate wapi ili tulingane?" Nilikuwa nimeshapiga hesabu. Kamba kumi na nusu na kidogo kila upande, kutoka kona yake ya barabarani, kisha wanyooshe mpaka. Walikwenda wakapima siku hiyo hiyo, na kabla ya kuondoka karani wa kamati akaandika vipande viwili kwa jina la Mama, cha zamani na hicho cha ng'ambo ya barabara. Mwaka uliofuata tulikula obusuma, ugali wa mahindi yetu wenyewe, mpaka mavuno mapya.

Mama hayupo sasa. Mwaka jana tulileta mpimaji ili tugawane sisi watoto wanne, wasichana kwa wavulana, kama alivyotaka. Alikuja kijana mpole na mashine inayoongea na setilaiti, akamaliza kazi kabla chai haijapoa. Vile vipande viwili vikatoa jumla ya ekari mbili na nusu na ushei, na cha baba mdogo, ambacho wanawe waliomba kipimwe pia, kikatoa karibu kiasi hicho hicho. Kijana alitazama kioo chake, akasema mpaka huu umekatwa vizuri ajabu kwa wakati ule, akauliza ni mpimaji gani wa serikali aliyeukata. Nikamwambia ni mimi, nikiwa kidato cha pili, kwa uzi na kipimapembe. Alicheka, akadhani bibi anatania. Shauri yake. Ndugu zangu walikuwa wamesimama hapo, kila mmoja kwenye ardhi yake, na hakuna hata mmoja wao aliyecheka.