Kuku Akisusa

Ninafundisha takwimu za biashara katika chuo kidogo cha binafsi hapa Kibaha, na nina ulimi mbaya. Nalisema mapema ili asije mtu akanitetea. Wanafunzi wangu wa Jumamosi ni watu wazima, makarani na wenye maduka na watumishi wanaotafuta cheti. Huja wamechoshwa na wiki, nami huwa nimechoshwa nao kabla hawajakaa.

Kati yao alikuwepo mama mmoja wa Kisarawe, mhudumu katika ofisi ya serikali huko. Alifagia, alipeleka mafaili, aliandaa chai. Mkuu wake alimwahidi nafasi ya msaidizi wa stoo iwapo angeleta cheti kabla ya mwezi wa sita kwisha. Asipoleta, angepewa mwingine. Masomo mengine yote alikwisha kufaulu. Lilibaki langu tu.

Umri wake ni wa mama yangu mzazi. Kwa desturi nilipaswa kumwamkia shikamoo kila nilipoingia darasani, na sikumwamkia hata mara moja. Nilitupa "habari zenu" moja kwa darasa zima, nikageukia ubao.

Siku ninayoikumbuka nilikuwa nawafundisha kukadiria mambo yanayohesabika moja moja, kama wateja wangapi watarudi dukani au balbu ngapi zitaungua. Hujui itakuwa idadi gani, lakini unaweza kuzipanga zote, kuanzia sifuri, na kuandika mbele ya kila moja uwezekano wake. Ili nisionekane mtu wa vitabu tu, nikachukua mfano wa nyumbani. Kuku amelalia mayai kumi, kila yai lina uwezekano wa nane kwa kumi wa kuanguliwa. Nikachora jedwali. Vifaranga wanaotarajiwa ni wanane. Asitoke hata kifaranga mmoja, nikawaambia kwa mbwembwe, ni kama mara moja katika mara milioni kumi, na hakuna aliye hai atakayeona jambo hilo.

Yule mama akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi mwaka huu nimeliona mara mbili," alisema. "Kuku akisusa, yote yanakuwa viza. Akitulia, wanatoka tisa, wanatoka kumi. Hao wanane wako ndio sijawaona."

Hakuwa na dharau hata kidogo, alikuwa anauliza. Lakini watu wawili watatu walitikisa vichwa kumkubalia, na mimi nikawaka hasira.

"Basi mama, kanuni haina tatizo," nikamwambia. "Tatizo ni kwako. Kwako kila kinacholaliwa kinatoka viza."

Darasa likaangua kicheko. Yeye akashusha mkono taratibu, akaendelea kunakili jedwali langu kana kwamba hakuna kilichosemwa. Wakati wa mapumziko karani mmoja wa Mbwawa akanivuta pembeni akanieleza kwamba yule mama hakujaliwa mtoto, na kwamba mumewe alimwacha kwa sababu hiyo. Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini mimi nilijitetea kwamba sikujua. Nilijisikia vibaya dakika chache, kisha nikarudi kumaliza kipindi. Jumamosi iliyofuata nilikuta wameshambatiza Mama Viza. Nilicheka pamoja nao, na siku hiyo nilikuwa najua.

Kilichoniuma kuliko yote ni kwamba alikuwa sahihi. Ile kanuni ina sharti, kwamba kila yai liwe na bahati yake, lisiguswe na la jirani. Mayai ya kuku mmoja hayako hivyo. Yamefungwa pamoja kwa mama mmoja na hasira zake. Mfano wangu ulikuwa mbovu, na nilikuwa nimeufundisha miaka minne bila mtu kunishtua.

Katika mtihani wa mwisho niliuliza swali la alama nane: taja sharti hilo, na eleza ni wakati gani halitimii. Mitihani yetu ni ya Kiingereza, na wengi walikariri mstari wa kwenye daftari wakaunakili. Yeye aliandika Kiswahili, kwa mwandiko wa kukandamiza kalamu: "Kanuni haifai pale ambapo mayai yote yana mama mmoja. Kuku akisusa, yanaharibika pamoja." Sidhani kama alikosa Kiingereza chote. Alikosa neno la kususa, hata mimi silijui. Katika karatasi zote za mwaka ule, hilo ndilo jibu pekee lililoonyesha kwamba mtu ameelewa. Nililisoma mara mbili. Nikaweka sifuri, na pembeni nikaandika kwamba lugha haikufuata maelekezo.

Kufaulu ni alama arobaini. Alipata thelathini na sita.

Alikuja ofisini kwangu asubuhi ya Jumatatu, amevaa sare yake ya kazi. Alisimama mlangoni, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

Mtu yeyote aliyelelewa na watu angeruka kitini. Mimi niliitikia.

"Marahaba."

Akaomba nimsahihishie upya swali moja tu. Alinieleza habari ya stoo, na kwamba tarehe zimebaki chache. Nilimjibu kuwa utaratibu ni utaratibu, arudie somo mwakani. Akashukuru. Ndiyo, alinishukuru, akafunga mlango polepole usipige kelele.

Nafasi ya stoo alipewa kijana wa mjini.

Miaka miwili baadaye nilialikwa Kisarawe kutoa semina kwa watumishi, juu ya makadirio ya mahitaji ya ofisi. Nilikuwa nimekwisha kuwa hodari. Nikawaeleza kwamba hesabu nyingi za vitabuni hudanganya kwa sababu zinadhani kila kitu kina bahati yake peke yake. Lori moja likiharibika, shule zote kwenye njia ile zinakosa vitabu siku moja. Nikawaambia, "Kuku akisusa, yote yanaharibika pamoja." Wakapiga makofi. Mkuu wa ofisi akasema ni maneno mazito, akataka kujua nimeyatoa kitabu gani.

Wakati huo yule mama alikuwa kati ya viti na chupa ya chai, akimimina kikombe cha mtu wa mstari wa mbele. Mkono wake ulisimama. Hakunitazama. Ukumbi mzima ulikuwa unasubiri jibu langu.

"Ni ya kwangu," nilisema. "Nimeyapata kwa uzoefu."

Akamaliza kumimina. Akaja mpaka mezani kwangu, akaweka kikombe, akaniuliza sukari vijiko vingapi. Nikamwambia viwili.