Gesi Ilikuwepo Tele

Fundi wa jenereta ya hospitali aliitwa Masikio, kwa kuwa injini ikikohoa tu, alijua inaumwa wapi. Miaka thelathini ya dizeli, si mchezo! Lakini kichwa kigumu, we acha tu! Ukimwelekeza jambo anakujibu, "Wewe umezaliwa juzi."

Basi jenereta ikageuzwa, ikaanza kutumia gesi ya bomba. Siku moja ikaja barua ya wauzaji: gesi ya sasa ikiungua inatoa joto dogo kuliko ya awali, pungufu kwa sehemu moja kati ya tano, hivyo mashine zipunguziwe mzigo. Masikio akachungulia mita. Inazunguka vilevile. Presha vilevile. "Dizeli, lita ni lita. Na gesi ni hivyohivyo," akasema, akaining'iniza barua kwenye msumari, nyuma ya koti lake.

Wiki hiyo binti yake wa pekee alijifungua kabla ya miezi kutimia. Kajukuu kakawekwa kwenye mashine ya kupumulia, kadogo hata kiganja kingekatosha. Masikio akawa hakamatiki kwa furaha. Kila muuguzi alilazimika kusikia kwamba kamerithi masikio ya babu.

Jumanne saa sita mchana umeme ukakatika. Jenereta ikapokea wodi, jiko na mashine zote za kufulia, mzigo uleule wa siku zote. Ikanguruma, ikazidiwa, ikazimika. Masikio akakimbia kukata swichi za kufulia, akaiwasha. Ikazimika tena. Akakata na jiko, ndipo ikashika. Dakika kumi na moja zilikuwa zimepita. Kule wodini wauguzi wawili walikuwa wakiwapa watoto pumzi kwa mikono, na watoto walikuwa watatu.

Jamani, huyo wa tatu!

Msibani watu walimfariji mno. Mganga mkuu mwenyewe alisema, "Gesi imetuangusha, mzee. Wewe umefanya uliloweza." Masikio akainamisha kichwa. Barua ilikuwa mfukoni, imekunjwa mara nne.

Watu walipotawanyika, binti yake akaja kukaa karibu, gauni limelowa maziwa kifuani, akamwekea baba yake mkono begani.

"Baba, kwani gesi iliisha?"

Angesema ndiyo, nani angembishia? Binti huyu alimwamini tangu anajifunza kutembea.

"Haikuisha, mama. Ilikuwepo tele." Akaitoa barua. "Soma."

Akasoma taratibu. Alipofika kwenye tarehe, akauondoa mkono.