Foleni ya Muhogo

Nilikamatwa Jumanne, saa nane mchana, wakati wanachuo wengi walikuwa bado bwaloni. Makamu mkuu wa chuo alikuwa anapita bwenini kukagua vitasa vibovu, akasikia harufu. Aliposukuma mlango wa chumba chetu alinikuta nimechuchumaa mbele ya jiko dogo la umeme, sufuria nimeibana kwa miguu, nasonga ugali wa muhogo kwa mwiko niliouchonga mwenyewe. Mwenzangu wa chumbani, kijana mrefu kutoka Dar es Salaam, alikuwa kitandani anasubiri kuitwa kula. Makamu alipoingia tu, yeye akachukua kitabu na kuanza kusoma. Alikishika kichwa chini miguu juu.

"Hiki ni nini?" makamu akauliza.

"Ugali, mkuu."

"Ugali nauona. Nauliza huu waya."

Kupika bwenini kulikatazwa, na mimi nilijua. Chuo chetu cha ualimu pale Kasulu kilikuwa na utaratibu mmoja wa chakula kwa wote: ada ukilipa, chakula kimo ndani yake, na unakula bwaloni. Asubuhi uji. Mchana ugali wa sembe na maharage. Jioni ugali wa sembe na maharage. Jumapili mchana wali na maharage, na mara mojamoja nyama, vipande viwili na mchuzi mwingi. Ratiba yenyewe ilibandikwa mlangoni, imepigwa mistari vizuri kwa rula, kana kwamba kuna mtu angeweza kuisahau.

Nje ya geti ulikuwepo uchaguzi mwingine. Akina mama waliuza chapati na maharage chini ya turubai. Mbele kidogo, ukielekea stendi, kulikuwa na mgahawa wa mzee mmoja Muislamu ambaye Ijumaa alipika pilau yenye harufu ya kukufanya usimame barabarani. Kulikuwa na kijana wa chipsi mayai pia. Wanachuo waliotumiwa hela na nyumbani walikula huko. Mimi nilitoka kijiji kimoja upande wa Kibondo, mtoto wa tatu kati ya saba, na nilichotumiwa na nyumbani kilikuwa kiroba cha unga wa muhogo ambao mama yangu aliuloweka, akauanika, akautwanga na kuuchekecha kwa mikono yake. Nilikua nikila ugali huo. Sembe nilikula nikashiba kwa saa mbili, halafu tumbo likaanza kunidai tena kabla kipindi cha saikolojia hakijaisha.

Makamu alichukua jiko langu, akanipa adhabu ya wiki mbili jikoni: kila asubuhi kabla ya vipindi na kila mchana baada ya vipindi, nisaidie wapishi. Mwenzangu wa Dar hakuadhibiwa, kwa sababu alikuwa anasoma.

Mpishi mkuu alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, kanga kiunoni na buti za mpira miguuni kwa sababu sakafu ya jiko haikukauka. Asubuhi ya kwanza nilimkuta anapepeta maharage. Nikamsalimia kwa Kiha, "Mwakeye, mama." Akainua uso, akanijibu kwa lafudhi ambayo haikuwa ya kwetu kabisa lakini ilikuwa jirani na ya kwetu, kisha akarudi kwenye Kiswahili.

"Kumbe ni mtoto wa huku huku. Umefanya nini, mwalimu?" Wapishi wote walituita walimu, hata sisi wa mwaka wa kwanza.

"Nilipika ugali wa muhogo chumbani."

Aliendelea kupepeta. "Ulipotia unga, maji yalikuwa yamechemka, au yalikuwa yanataka kuchemka?"

"Yalikuwa yanataka."

"Basi ulistahili adhabu," akasema, na wapishi wengine wakacheka.

Katika wiki zile mbili nilijifunza kwamba kuni mbichi huchelewesha chakula cha watu mia tatu, kwamba maharage yakikaa stoo muda mrefu hayaivi hata uyabembeleze, na kwamba mpishi mkuu hakuchagua yeye tulichokula. Unga uliletwa, yeye akapika. Nilijifunza habari zake pia, kidogo kidogo, wakati tunachambua. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mdogo. Alikulia kambini, akaolewa na mkulima wa Kasulu, akapata uraia, akazaa watoto wanne na wote wamesoma. Alisema hayo yote kama mtu anayetaja njia aliyopita kwenda sokoni.

"Nimeomba mara tatu tupike na muhogo," aliniambia siku moja. "Wakulima wanao, uko hapo hapo nje. Nikaambiwa muhogo ni chakula cha njaa."

"Nani alisema?"

"Aliyekuleta hapa." Akafunika sufuria. "Mimi nikisema, ni mpishi amesema. Andika wewe."

Niliandika barua kwenye karatasi mbili za daftari. Niliomba wanachuo wapewe nafasi ya kuchagua, sembe au muhogo, walau siku moja kwa wiki. Nikapita mabweni yote kutafuta sahihi. Watu walitia sahihi kwa furaha, hasa wale wa Kibondo, Kakonko na Buhigwe. Mwenzangu wa Dar alitia sahihi ya tatu. Alikuwa amekula ugali wangu tangu wiki ya kwanza ya muhula, anaukata kwa vidole viwili kama mtu aliyezaliwa kijijini Kasanda, na jiko lilipochukuliwa alisikitika kuliko mimi.

Makamu aliniita ofisini. Aliisoma barua mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mimi nimelelewa kwa muhogo," alisema. "Nilipopata kazi niliapa sitaugusa tena. Halafu wewe unataka niwalishe walimu."

"Tunataka kuchagua tu, mkuu."

Akaikunja barua. "Jumamosi moja. Wasipokula, maneno haya yaishe."

Jumamosi hiyo tuliweka meza mbili bwaloni. Kushoto sembe, kulia muhogo. Mpishi mkuu aliusonga ule wa muhogo mwenyewe katika sufuria ndogo ndogo, moja baada ya nyingine, kwa sababu ugali huo ukiusonga mwingi kwa pamoja unakuwa mabonge. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni. Adhabu yangu ilikuwa imekwisha siku iliyotangulia, lakini nilikuja kubeba sufuria.

Mlango ukafunguliwa, watu wakaingia, wakapanga foleni kushoto. Wote. Waliotia sahihi nao walikwenda kushoto. Niliwaona wengine wakitupia jicho meza ya kulia, kisha wakitazama nani anawatazama. Sikuwa nimefikiria jambo hilo. Kusaini karatasi chumbani ni kitu kimoja, na kusimama peke yako bwaloni mbele ya watu wa Arusha na Mwanza na Dar ukiwa na sahani ya chakula cha kijijini kwenu ni kitu kingine.

Ndipo mwenzangu wa chumbani, akiwa katikati ya foleni ya sembe, akasema kwa sauti, "Jamani, nani anaenda kula chakula cha wakimbizi?"

Bwalo zima lilicheka.

Na mimi nilicheka. Nataka niliseme hili vizuri, kwa sababu kwa miaka kadhaa nimekuwa nikilisimulia bila sehemu hiyo. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa mama aliyenifundisha kazi, nimeshika kifuniko cha sufuria yake, na nilicheka kwa sababu kila mtu alikuwa anacheka na sikutaka waone kwamba mimi ndiye niliyesemwa. Nilipogeuka alikuwa ananitazama. Hakubadilisha uso. Alichovya mwiko kwenye maji, akalainisha juu ya ugali, akasubiri.

Walikuja watu tisa. Wanane walikuwa wasichana wa bweni moja, wakaja wameshikana mikono, na wa tisa alikuwa mlinzi.

Jumapili sikuweza kumtazama mtu. Jumatatu asubuhi nilikwenda jikoni mapema. Alikuwa anakoroga uji. Nikasimama mlangoni.

"Adhabu yako imeisha," alisema bila kugeuka.

"Nimekuja kuomba msamaha, mama. Juzi nilicheka."

"Nilikuona." Akakoroga. "Hukucheka sana."

"Nilicheka."

"Haya. Ulicheka." Akaweka mwiko pembeni, akanigeukia. "Sasa nikuambie kitu, mwalimu, maana mtakwenda kufundisha watoto wa watu. Mimi nimekula chakula cha wakimbizi. Unajua kilikuwa nini? Unga wa mahindi na dengu za njano. Kila siku ya Mungu. Muhogo ulikuwa chakula cha wenyeji. Mama yangu alikuwa anatoka kwenda kulima kwenye mashamba ya watu ili arudi na muhogo, na siku akirudi nao tulikuwa tunaimba." Akachukua mwiko tena. "Kwa hiyo yule rafiki yako mrefu, chakula cha wakimbizi alikuwa nacho yeye kwenye sahani."

Sikujua nicheke au nilie. Yeye alitabasamu kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo.

"Nimemwomba makamu Jumamosi nyingine," akasema.

"Amekubali?"

"Alipita mlango wa nyuma juzi, watu walipokwisha kutoka. Nilimuomba wakati anakula ule muhogo. Hakuweza kusema mengi."

Jioni ile nilimsimulia mwenzangu maneno ya mpishi, yote, pamoja na habari ya mama yake na mashamba ya watu. Alikuwa amelala chali anachezea simu. Aliacha kuichezea.

"Sikujua kama yeye ni..." akasema.

"Sasa unajua."

"Oya, mimi nilikuwa natania tu."

"Najua. Na mimi nilicheka tu."

Hatukuongea tena usiku huo wala kesho yake, na chumba kilikuwa kidogo.

Jumamosi ya pili mpishi mkuu alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Meza ya kushoto aliweka sembe na maharage, kama ratiba ilivyosema. Meza ya kulia aliweka ugali wa muhogo na dagaa wa Kigoma waliopikwa kwa mawese, nyanya chungu na pilipili moja nzima ikielea juu. Harufu ilifika darasani kabla kengele haijalia. Mlango ulipofunguliwa watu waliingia wakasimama katikati, hawaendi kushoto wala kulia.

Mwenzangu alinipita. Alitembea mpaka meza ya kulia, mrefu vile, kila mtu akimwona, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nilisema maneno mabaya juma lililopita. Naomba unisamehe."

Mpishi alimtazama, akachukua mwiko.

"Nyoosha sahani," akasema.

Akampakulia ugali, akamwekea dagaa, akaongeza dagaa. Nyuma yake nilisimama mimi. Nyuma yangu wakasimama wale wasichana wanane, na nyuma yao sikuweza tena kuhesabu. Ugali wa muhogo uliisha kabla ya sembe, na mpishi mkuu akalazimika kuinjika maji mengine huku watu wakigonga sahani kwa vijiko. Alijifanya amekasirika.

Kabla muhula haujaisha ratiba ya mlangoni ilibadilishwa. Jumatano na Jumamosi, chini ya neno "mchana", mtu aliandika "sembe au muhogo". Aliyeandika alikuwa makamu mwenyewe. Mwandiko wake tuliujua kutoka kwenye mbao za madarasa. Mwenzangu wa Dar alipangiwa kazi wilaya ya Kakonko baada ya kuhitimu, na badala ya kuomba uhamisho alioa huko huko.

Mwaka jana nilipita chuoni kwa semina ya siku tatu. Mpishi mkuu alikuwa amestaafu. Nilielekezwa kwake, kwenye barabara ya kwenda Manyovu, nikamkuta na ng'ombe wawili na mjukuu mgongoni. Bwaloni kulikuwa na meza ya tatu sasa, ya wenye vidonda vya tumbo, wanaopewa viazi na mchicha.

Mimi nafundisha shule ya msingi kwenye kijiji kimoja si mbali na Kibondo. Tulipoamua watoto waanze kula mchana shuleni, mwenyekiti wa kamati alileta ratiba iliyokwisha kuchapwa, uji siku tano. Niliomba tuiweke kando kwanza, tukawaita akina mama kwenye kivuli cha darasa la pili tukawauliza wangependa watoto wao wale nini. Walitazamana. Mmoja akasema hajawahi kuulizwa. Kisha wakaanza kusema wote kwa pamoja, na mkutano ule ulichukua mchana mzima.