Glavu Nyeupe za Mlangoni

Katika kanisa moja la mji wa Macon, Marekani, mwenye haraka hampiti mama mkaribishaji wa mlangoni. Kila Jumapili glavu zake nyeupe zimepigwa pasi, mfuko wa gauni umejaa peremende za wazee wenye kikohozi, na akimpeleka mtu kitini humshika kiwiko polepole, kama anayemvusha mto. Wagombea wa kisiasa yeye huwakalisha katikati ya benchi la tatu, baina ya Mama Verlene na Mama Ozella, wenye magoti yasiyokubali kuinuka ovyo kumpisha mtu. Anawajua. Huja uchaguzi ukikaribia, husema, "Dada zangu, ninyi ndio uti wa mgongo wetu," hupigwa picha, na mahubiri hayajaanza washatafuta mlango.

Mgombea wa juzi alianza kuvaa koti huku Mama Verlene akiomba kwa sauti, akimweleza Mungu habari za basi la kliniki lililoondolewa. Mkaribishaji akainua glavu: wakati wa maombi hapiti mtu. Akainama, akamtia peremende kiganjani. "Kaa, mwanangu. Si umesema unatupenda?" Kisha akamgusa bega Mama Verlene. "Rudia hapo kwenye basi, mama. Mgeni alikuwa anavaa koti."