Mikaratusi Niliyoipanda Kwenye Kinyungu cha Bibi

Sikuwa nimepanga kurudi kijijini kwa bibi. Mwezi uliopita kikundi chetu cha wakulima wa Makambako kilialikwa kwenda kujifunza kwenye kijiji cha mfano, upande wa Kichiwa, na niliposikia jina la kijiji chenyewe nikaandikisha jina langu haraka, kabla moyo haujageuka. Njia nzima sikutulia. Nilifungua dirisha, nikalifunga, nikavaa sweta, nikalivua, mpaka jirani yangu wa kiti akaniuliza kama naumwa.

Kijiji kinapendeza, nisiseme uongo. Tulionyeshwa makinga maji kwenye miteremko, majiko yanayotumia kuni kidogo, samadi iliyorundikwa vizuri ikafunikwa nyasi. Wenzangu waliandika kwenye madaftari. Mimi nilikuwa natazama huku na huku nikitafuta jiko la bibi, kile kibanda cha udongo kilichonuka moshi na viazi vya kuchoma, ambamo asubuhi za baridi tulijikunyata na vikombe vya uji wa ulezi mpaka vidole vikubali kukunjuka. Halikuwepo.

Kisha mtaalamu wa kilimo aliyetuongoza akatushusha bondeni. Miguu yangu iliijua ile njia kabla ya macho. Pale ndipo palipokuwa na kinyungu cha bibi. Kama hukukulia huku, kinyungu ni bustani ya bondeni, matuta makubwa ya udongo mweusi unaoshika maji hata kiangazi. Ndicho kilichotulisha mashamba ya juu yakikauka: majani ya maboga, njegere, mahindi mabichi wakati wengine hawana. Kazi yangu ilikuwa kusafisha mifereji nikitoka shule. Ukinyamaza, uliyasikia maji yakipita chini ya majani.

Sasa palikuwa na visiki.

“Bonde hili lilikaushwa na mikaratusi,” mtaalamu alisema. “Mama mwenye shamba aliipanda bila kujua inavyokunywa maji. Tumeikata, na chemchemi imeanza kurudi.”

Mama huyo alijua vizuri. Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wetu alitugawia miche ya mikaratusi, akasema atapita nyumba kwa nyumba kukagua. Bibi alinionyesha mahali pa kupanda, kule juu kwenye mpaka wa shamba, akanikataza kabisa kuisogeza karibu na maji. Lakini kule juu ardhi ilikuwa ngumu kama tofali, na wenzangu walikuwa wananingoja tucheze rede. Nami nilikuwa mtoto asiyeweza kukaa na kazi moja. Nikashuka kwenye udongo laini, nikaipanda yote kabla jua halijazama.

Mwalimu alipokuja alinisifu, na bibi hakunitia aibu mbele yake. Alipoondoka ndipo akaniambia, “Umeipanda mwenyewe, utaing’oa mwenyewe.”

Nikasema kesho. Kesho ikawa wiki, mvua zikaja, nikafaulu nikaenda kusoma Makambako, na kila likizo niliikuta imezidi kunipita kimo. Mifereji ikakosa cha kusafisha. Bibi akasogeza matuta yake, mwaka mwingine akayasogeza tena, mwishowe akaacha kulima pale. Hakunikumbusha hata mara moja. Nadhani ndiyo maana nilianza kutafuta sababu za kufupisha likizo.

“Hakuipanda yeye,” nilimwambia mtaalamu mbele ya watu wote. “Niliipanda mimi. Yeye alinikataza.”

Kati ya wenyeji alikuwepo mama mmoja mzee, amejifunga kitenge juu ya koti. Akasogea, akanitazama usoni kwa muda. Nikamtambua: jirani wa bibi, ambaye kinyungu chake kilikuwa chini ya chetu na kilipata maji yaliyopita kwetu. Alinieleza kwamba nacho kilikauka, na alipokwenda kumuuliza bibi, alijibiwa kuwa miti ni ya bibi, ameipanda kwa mikono yake. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Walipishana kanisani, wakapishana mashineni kwenye foleni ya kusaga, mpaka bibi akafariki.

“Kwa nini hakuniambia?” aliniuliza.

Nilimjibu kwamba sijui. Lakini nilijua.

Hakunifokea, ingawa ningepata nafuu kama angenifokea. Alinishika mkono, tukapanda taratibu hadi kwenye kaburi la bibi, huku wenzangu wakiitwa kwenda kula. Pale akainama, akakunja magoti kama wanawake wa kwetu wanavyosalimiana.

“Kamwene,” akasema.

Akakaa vile vile kidogo, kama anayengoja kuitikiwa. Halafu akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, tukashuka.

Wanasema baada ya misimu michache bonde lile litalimika tena, nami naamini, maana nimeyaona maji yenyewe kwa macho yangu. Lakini wale wanawake wawili walikuwa wakilima matuta yao jirani, mmoja juu, mwenzake chini, wakiongea Kibena na kucheka kupitia mfereji tangu asubuhi mpaka jua la mchana, bila hata mmoja kuinua kichwa. Nilikwenda kule kujifunza, na nimejifunza mengi. Namna ya kurudisha hilo haikuwemo kwenye mafunzo, na sioni wa kumuuliza.